Kopo la Ubongo

4 Machi

Dada yangu wa pekee,

Shikamoo, tena shikamoo ya kusimama wima, maana siku hizi nikiinama ghafla dunia inazunguka.

Hapa nyumbani wote wazima. Goti la Mama limepoa, mdomo wake ndio bado wa moto. Shangazi alikuja kukaa siku mbili, huu ni mwezi wa pili. Usishangae kupata barua ya karatasi. Mwanga wa simu bado unanichoma macho, na yule mama wa mazoezi pale hospitali ameniambia niandike kwa mkono kila siku, ili kichwa kikumbuke njia zake. Mimi niliyeacha shule kidato cha pili kwa kukimbia kuandika, leo naandikishwa na hospitali. Mistari ikipanda mlima, ifuate hukohuko.

Sasa niseme linalonikaa kooni. Nina hasira, Dada. Ni miezi mitano tangu lile chuma la mlango wa kukunja lifyatuke likanipiga hapa juu ya sikio, na watu bado wanaongea nami polepole kama wanambembeleza paka ashuke darini. Mama amebandika karatasi nyumba nzima: SUKARI, CHUMVI, MLANGO. Mlango, Dada. Nimefungua milango ya nusu ya mji huu iliyowashinda wenyewe, leo naandikiwa kwamba mlango ni mlango.

Na Fundi Mkuu, aliyenifundisha makufuli tangu nina miaka kumi na sita, amenipa ufagio. Nafagia vumbi la shaba chini ya mashine ya kuchongea funguo. Mashine yangu. Anayeikalia sasa ni yule kijana mrefu ninayemwita Ngazi. Unajua mimi nilikuwaje: ufunguo nautazama mara moja, nauchonga bila kuutazama tena. Ndiyo maana wakaniita Bingwa, wala sikujiita mwenyewe. Haya, nilijiita mwenyewe, lakini hakuna aliyebisha.

Fundi amesema tarehe 28 Juni atanipima. Atatandika makufuli kumi mezani, atachanganya funguo zake, nami nirudishe kila ufunguo kwenye kufuli lake kwa kutazama tu, kisha nichonge mmoja mbele yake. Nikiweza, kiti changu nakirudia. Nikishindwa, kiti ni cha Ngazi moja kwa moja.

Ila dawa nimeipata. Duka la dawa la pale kona wanauza virutubisho vya ubongo, bila cheti cha daktari na bila maswali. Kopo limechorwa kichwa kinachotoa miale. Kapsuli zenyewe ni zile za magamba mawili, nyekundu na nyeupe. Nimemaliza kopo moja na tayari nakumbuka hata nisiyoyataka, kama ulivyonisingizia kioo cha kabati mwaka ule. Nikaligeuza kopo, chini nikakuta jina la kiwanda chenu. Yaani wewe ndiye unayeyafunga haya makopo, na mdogo wako ananunua dukani kama mgeni? Nitumie matatu. Manne ukiweza.

Bingwa, wa jana na wa kesho


21 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kuuona mwandiko wako, hata kama unaparamia. Sisi wazima. Mkono wangu wa kulia unakufa ganzi kwa zamu ndefu, si jambo kubwa. Shemeji yako anakusalimu. Watoto wanakusalimu, na yule mdogo anauliza kama bado unaweza kufungua mlango kwa waya. Nimemwambia ndiyo, na nimemwambia hutamfundisha. Mbusu Mama. Mwambie Shangazi kwamba siku mbili zimekwisha.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno moja, sijaliona. Vile vidonge vyeupe vya hospitali, cha asubuhi na cha jioni, vya kuzuia kifafa. Ufagio umeuandika, kioo cha kabati umekiandika, vidonge hukuviandika. Nilikuwa nimesimama pale daktari aliposema ukiviacha ghafla kichwa kinaweza kukuangusha popote. Unavimeza?

Makopo sitatuma. Na hilo ulilonalo liache. Usiniulize kwa nini, kuna karatasi nilitia saini siku niliyoajiriwa, na nina watoto wa kusomesha. Nakwambia kama dada yako: liache.

Dada


5 Aprili

Dada,

Shikamoo, leo ile fupi. Mama hajambo. Shangazi hajambo, yupo, amehamishia kitanda chake karibu na dirisha. Mimi sijambo kuliko wote.

Liache, usiniulize. Umekuwa askari tangu lini? Ungekuwa unafunga sabuni ningekuomba sabuni na ungenipa. Nikiomba akili, unanionyesha saini. Mimi naona unaogopa. Tangu utoto wewe ulikuwa wa daftari na mimi wa mikono, na kila mgeni aliyekuja nyumbani aliambiwa hivyo kabla hajapewa kiti. Sasa chuma limenigonga, hata mikono inasahau, na bado unataka ubaki wewe peke yako mwenye kichwa. Kaa nacho.

Kama Mama amekupigia simu kwamba nilianguka jikoni Jumanne, ni kweli nilianguka. Sakafu ilikuwa na maji, mtu yeyote huteleza. Ulimi nilijing'ata kwa sababu nilikuwa katikati ya kuongea, na wewe unajua mimi si mtu wa kukatiza maneno.

Vidonge vya hospitali usivihangaikie, vina mahali pake. Vile vinamlaza mtu kama gunia, na gunia halijifunzi makufuli kumi. Kila nikirudi kazini najipima na haya makufuli manne ya zamani niliyonayo chumbani. Juzi nilipata yote manne. Jana sikupata hata moja, lakini jana kulikuwa na kelele.

Leo asubuhi Ngazi ameniambia, "Pumzika, kaka, ndoo nitaisogeza mimi." Ndoo, Dada. Nilimjibu maneno nisiyoweza kuyaandika hapa, kwa sababu mama wa mazoezi anazipitia karatasi zangu.

Usipotuma, nitanunua dukani. Usidhani nitaacha.

Bingwa


12 Mei

Mdogo wangu,

Nimechelewa kukujibu. Watoto waliugua surua, alipoinuka mmoja akalala mwingine. Wamepona. Shemeji yako anakusalimu.

Umeshinda. Natuma kopo moja na dereva wa basi, Mama akalipokee. Ni la kwetu kiwandani, lakini limetengenezwa tofauti, lina nguvu kuliko la dukani. La dukani litupe.

Hapa soma polepole, na Mama naye asome. Kapsuli moja baada ya chai ya asubuhi, moja baada ya chakula cha jioni. Usiruke hata siku moja. Usizidishe hata moja. Usimpe mtu. Wiki ya kwanza unaweza kusinzia, vumilia. Kabla halijakwisha nitatuma lingine.

Usizidishe. Nimeliandika mara mbili kwa sababu nakujua.

Dada


23 Juni

Dada yangu mpenzi, dada yangu mkarimu,

Shikamoo, na leo nakupa ndefu mpaka uchoke kuipokea. Huku kuna habari: Shangazi ameondoka. Mama alibandika karatasi kwenye kile kitanda, KITANDA CHA MGENI WA SIKU MBILI, Shangazi akaisoma akiwa amevaa miwani yake ya kusomea, akaanza kufunga mizigo. Kwa hiyo karatasi za Mama zimesaidia mtu mmoja.

Nilikuambia lakini. Tangu nianze kopo lako sijateleza hata mara moja. Na yale mawingu yaliyokuwa yakinipitia katikati ya neno, mtu ananisemesha na mimi sipo, yamekwisha. Sikukuambia kuhusu mawingu. Haya, nimekuambia, na yamekwisha, kwa hiyo usianze. Wiki ya kwanza nililala sana, tena usingizi niliouona kama naufahamu, lakini ulikuwa umenionya. Hospitali miezi minane wameshindwa, kopo limeweza kwa wiki nne. Nimewatangazia wote pale kazini. Nimemshauri Ngazi ajizoeze ufagio mapema, atafute wenye mpini mrefu.

Kinachonikera ni kimoja. Makufuli bado napata sita, siku nzuri saba. Fundi anataka kumi, na zimebaki siku tano. Nimekaa nikapiga hesabu, usiseme sikusoma. Kama moja inanifikisha saba, asubuhi ya mtihani nitameza nne. Usinune. Najua ulisema nisizidishe, na najua ninyi watu wa viwandani mlivyo wachoyo na mali yenu. Barua hii ikikufikia, mimi nitakuwa nimekwisha kaa kitini pangu, na utaniandikia kwa kuanza na neno "hongera".

Bingwa, na safari hii wameniita wenyewe


14 Julai

Dada,

Salamu nitaziandika mwisho, zikibaki.

Naandika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu dole gumba la kulia limefungwa bendeji. Nikueleze jinsi ilivyokuwa, ingawa nadhani umekwisha kuelezwa, wewe na Mama mnaelezana kila kitu.

Nilimeza nne na chai. Nilipofika kazini makufuli yalikuwa ishirini. Nikamwambia Fundi tulikubaliana kumi. Akasema ni kumi. Nikamwambia ni mwongo, mzee yule, mbele ya wateja, na ulimi wenyewe ulikuwa mzito kama umevishwa soksi. Nilishika ufunguo wa kwanza nikauchomeka hewani, kando ya kufuli. Ngazi hakucheka. Ningependa angecheka. Alikuja akanishika kiunoni nisianguke, na mimi nikamsukuma, nikaikimbilia mashine ili niwaonyeshe kuchonga. Kabla Fundi hajaizima ilikuwa imenyofoa nyama ya gumba.

Nililazwa siku mbili. Daktari akaja na karatasi ya damu, akasema nimezidisha dawa ya kifafa. Nikamcheka. Nikamwambia kwa kinywa changu, Mama akiwa pale, kwamba dawa hiyo sijaimeza tangu Februari, vipimo vyao vimechanganya watu. Mama akaanza kulia. Akasema, "Usimlaumu daktari. Vidonge vyako nilimpelekea dada yako, akavitia kwenye zile kapsuli."

Mlinilisha kama mbwa anayefichiwa dawa kwenye nyama. Mama aliniwekea sahani ya chakula kila jioni, ananitazama nameza, anajua. Wewe uliniandikia eti limetengenezwa tofauti, lina nguvu. Na mimi nikazunguka mji mzima nikilisifu kopo, nikimtambia Ngazi, kumbe ninachosifu ni kilekile kidonge cha mgonjwa nilichokikataa. Mliniacha nijisifu. Watu wote wawili ninaowaamini walijua kilichomo mwilini mwangu, asiyejua ni mwenye mwili.

Kiti ni cha Ngazi. Gumba litapona, daktari anasema. Usiniandikie.

Salamu hazikubaki.


2 Agosti

Mdogo wangu,

Umesema nisiandike, naandika. Watoto wazima. Shemeji yako mzima, ila haongei nami sana tangu nilipomweleza nilichofanya.

Barua yako ya hesabu ya kapsuli nne ilinifikia tarehe 4 Julai. Mama alikuwa amenipigia simu siku sita kabla. Niliisoma nimesimama, ile furaha yako yote, nikakaa chini.

Ulisema vidonge vina mahali pake. Mama alikuwa anafuta vumbi chumbani kwako, akainua kile kitasa kikubwa cha zamani, kikalia kama njuga. Alikifungua kwa kisu, akavihesabu sabini na viwili. Ilikuwa wiki ileile uliyoanguka. Na hukuteleza. Ulikakamaa, macho yakageuka, Mama akakaa nawe sakafuni akiwa amekushika kichwa kisigonge. Ulipozinduka ukamwambia kuna maji. Akainuka na lile goti lake, akachukua tambara, akapangusa sakafu kavu ili usione haya.

Ndiyo maana.

Ulitaka kujua kwa nini nilikukataza makopo, nami nikajificha nyuma ya saini. Sasa nakwambia, wakinifukuza wanifukuze. Pipa ni moja, unga ni mmoja. Asubuhi tunaufunga kwa lebo ya ubongo, mchana lebo ya nywele, jioni lebo ya magoti. Mimi ndiye ninayebadilisha lebo. Kapsuli zilizoharibika nazifungua na kuzifunga upya, mia kwa saa, hakuna anayegundua. Kwa hiyo Mama aliponiletea vidonge vyako, mikono yangu ilijua kazi na kichwa hakikuuliza. Nilivisaga hapa mezani, watoto wakiwa shule. Nilijiona mjanja. Sikumwambia daktari. Sikuwaza kwamba mtu anayetafuta akili kwenye kopo, siku moja atazitaka mara nne. Nani mwingine angewaza hivyo kama si wewe, na nani alipaswa kulijua hilo kama si mimi? Ningeweza kukuua. Nimelitamka kwa sauti humu chumbani, nilisikie.

Lakini na mimi nina hasira, usidhani unayo peke yako. Miezi yote hiyo ulikuwa na neno moja la kumwambia daktari: nasinzia. Uliniambia mimi, bila shaka uliuambia na ukuta, daktari hukumwambia kwa sababu Bingwa hasinzii. Ulimfanya Mama apanguse sakafu kavu. Nimekukasirikia mpaka nabandika lebo za magoti kwenye makopo ya nywele.

Kunisamehe unaweza kuacha. Vidonge usiache.

Dada


19 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimeikalia wiki sita, lakini hii hapa.

Mama hajambo. Shangazi amerudi, anasema ile karatasi ameisamehe. Nilimuuliza Mama kuhusu jikoni. Alikuwa anaosha vyombo, hakugeuka. Akasema, "Kulikuwa na maji." Nikamwambia ndiyo, Mama, yalikuwepo. Nikachukua tambara nikakausha vyombo, kazi ambayo sijawahi kuifanya tangu nizaliwe, na sikujisifu mpaka sasa ninapokuandikia.

Kwa daktari nimelitamka lile neno lako. Nasinzia. Lilitoka kwa shida kama kuvua buti lililolowa. Wala hakushangaa, akaniuliza mbona sikusema tangu mwanzo. Ananibadilishia dawa, anapunguza hii kidogo kidogo huku anaongeza nyingine, na amenionya nisiguse hesabu yake. Kopo la dukani alilisoma pande zote, akaniambia yeye hawezi kujua kilichomo, labda nimuulize anayelijaza. Nikamwambia nimeshamuuliza.

Kidonge nakimeza mezani, saa mbili asubuhi na saa mbili jioni, peupe. Mama nimemkataza kutazama. Anatazama.

Kiti bado ni cha Ngazi, na Fundi hajasema neno la kunipima tena. Nilimwomba radhi kwa kumwita mwongo, akasema ameitwa mabaya zaidi na wateja waliofungiwa nje mvuani. Mashine daktari amenikataza mpaka mwaka upite bila kuanguka. Kwa hiyo Fundi amenipa meza ndogo karibu na dirisha na tupa tatu, nachonga kwa mkono kama alivyochonga yeye kabla sijazaliwa. Ufunguo mmoja kwa siku, siku mbaya nusu. Kila mmoja nauandika daftarini: meno matano, la pili fupi, la nne limelala. Ngazi anakuja kuniuliza. Daftari, Dada. Wewe ucheke tu.

Usidhani imekwisha. Nikikumbuka naanza kutembea chumbani. Hasira yangu haitoshi kwenye karatasi, na yako nadhani haitoshi pia. Njoo unifokee uso kwa uso, nami nikufokee, Shangazi awe mwamuzi, yeye yupo tu.

Kopo lako nalirudisha na dereva yuleyule. Lebo nimeing'oa. Ndani kuna ufunguo wa nyumbani. Ulipoolewa uliacha wako mezani, baadaye Mama akabadilisha kitasa, na mpaka leo ukija unabisha hodi kama mgeni. Nimeuchonga kwa siku tatu. Wa kwanza haukuingia. Wa pili uliingia ukakataa kuzunguka. Huu unafungua, nimeujaribu mara kumi, Mama akihesabu. Safari hii kilichomo kwenye kopo ndicho nilichokuandikia.

Ukifika usigonge. Fungua mwenyewe. Ni ule ulioandikwa MLANGO, karatasi hiyo nimemwambia Mama aiache.

Mdogo wako